SOMO: Kupima matumbawe hai ya kilindini

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi ya kupima matumbawe hai ya kilindini. Atakayeuliza tena namtuma hapa.

1. Chora ramani ya sakafu ya bahari kwa sona ya meli (chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti). Pima kwanza kasi ya sauti majini, la sivyo kingo za ramani zitajikunja.
2. Chagua vilima kwenye ramani hiyo, shusha roboti wa majini mwenye kamera.
3. Fuatilia roboti kwa mawimbi ya sauti. GPS haifiki huko.
4. Leza mbili sambamba, sentimita 10 kati yake, ndiyo rula yako kwenye picha. Zihakiki kila mara kabla ya kushuka. Zikigongwa kidogo tu, vipimo vyote vimeharibika.
5. Tenganisha hai na mfu. Hapa ndipo nilipochemka. Niliendesha roboti mita tatu juu ya mwamba, kila cheupe nikakihesabu hai. Nyumbani nikakuza picha: vikombe vitupu vya mifupa, hamna mnyama ndani! Lophelia, tumbawe la kilindini, ikiwa hai huwa nyeupe au ya chungwa, lakini tawi lililokufa karibuni nalo ni jeupe pe. Ukijivujivu na ukahawia huja baadaye. Usihukumu kwa rangi. Simama, sogea, tafuta minyiri ya polipi (mnyama mdogo anayeishi ndani ya kikombe). Ikiwa imejikunja, utaona nyama mdomoni mwa kikombe. Na usisogee kwa pupa: ukitibua tope, unasubiri mkondo ulisafishe. Endesha ukiukabili mkondo, tope libaki nyuma.

Swali: Mkuu, si nihesabu kwenye ramani ya sona tu?
Jibu: Sona inaonyesha umbo. Hatua ya 5, soma.

Swali: Nimesoma. Ila roboti wangu ana kamera nzuri, mita tatu zinatosha.
Jibu: Yangu nayo ilikuwa nzuri.

Swali: Gizani vile, yanakula nini?
Jibu: Swali zuri. Hayana mwani wa kuyalisha kama ya maji ya joto, yananasa chembe na vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Ndiyo maana huwa naanza kutafuta kwenye migongo na kingo za sakafu ya bahari. Mwamba wa Røst, Norwei, uliogunduliwa 2002, uko mita 300 hadi 400 chini na una urefu wa kilomita 35 hivi. Walio hai mara nyingi wako juu, wamekalia mifupa ya waliotangulia, kwa hiyo mwamba wenye mifupa mingi si lazima uwe umekufa.

Swali: Nje ya mada, video zangu hazilingani na ramani.
Jibu: Saa. Linganisha ya kamera na ya kompyuta inayorekodi mahali roboti alipo, kabla ya kushuka. Halafu elekeza kamera kwenye saa ya kompyuta, uirekodi sekunde chache, ukikosea utapata pa kurekebishia.