Somo: Kusoma tope la kale ndani ya naisi ya Mererani

Naisi (mwamba wenye mikanda, uliobadilishwa na joto na mgandamizo) ya kinywe, yaani grafiti, ya Mererani, ile inayowaachia wachimbaji viganja vyeusi kabla hata hawajaiona tanzanaiti, zamani ilikuwa tope la baharini. Joto na mgandamizo wa zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita viliifuta sura yote ya tope. Zilizobaki na kumbukumbu ni elementi haba, zile tunazozipima kwa gramu kwa tani. Ila si zote za kuaminika.

Hatua ya 1: Sampuli. Gonga mpaka ufike palipo pabichi, pasipo kutu. Achana na kipande kilicho jirani na mfuko wa vito, hata kikiwa kizuri namna gani: pale yalipita maji ya moto ya baadaye, na habari zake si za tope.

Hatua ya 2: Kusaga. Tumia kinu cha akiki. Sampuli zangu za mwanzo nilizisaga kwenye kinu cha chuma, kromiamu ikapanda kote, na kazi ya miezi ikabidi irudiwe. Nasisitiza kwa sababu kosa hili halionekani kwa macho.

Hatua ya 3: Kuyeyusha. Choma unga kwanza kwenye tanuru lenye hewa hadi weusi wa kinywe uishe, la sivyo utaharibu kikombe cha platinamu. Kisha yeyusha kwa borati ya lithiamu, chumvi inayosaidia unga wote kuyeyuka kwenye moto. Asidi peke yake huacha chembe za zirkoni (madini magumu yanayobeba zirkoniamu) zikiwa nzima, nawe utadhani zirkoniamu ni kidogo.

Hatua ya 4: Nani aaminiwe. Thoriamu, skandiamu na zirkoniamu hazihamihami. Potasiamu, rubidiamu na uraniamu huondoka mwamba ukianza kuyeyuka. Gawa thoriamu kwa skandiamu: wastani wa matope ya kale ya Australia, ambao wengi huutumia kama kipimo, ni 14.6 kwa 16, yaani kama 0.9. Tope lililotokana na basalti, mwamba mweusi wa volkano, huwa chini kabisa ya hapo.

Hatua ya 5: Vanadiamu. Katika wastani huohuo ni gramu 150 kwa tani. Ikizidi sana huku skandiamu ikiwa ya kawaida, fikiria bahari iliyokosa oksijeni chini: vanadiamu hunaswa na mabaki ya viumbe. Mabaki yakageuka kinywe. Vanadiamu ikahamia kwenye ulanga, kwenye ganeti ya kijani, na kwenye zoisaiti (madini ambayo tanzanaiti ni aina yake), ambako ndiyo inayoipa tanzanaiti ubuluu wake.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Nina kipimo cha eksirei cha mkononi tu. Kinafaa kwa vanadiamu?*

Marahaba. Kwa kuchuja sampuli, ndiyo. Lakini mstari wa eksirei wa titaniamu unakaa karibu juu ya ule wa vanadiamu, na naisi hii ina titaniamu. Pima pia sampuli yenye thamani inayojulikana, siku hiyohiyo.

*Mwalimu, europiamu yangu (nayo ni elementi haba) imeshuka kwenye mikanda myeusi, imepanda kwenye myeupe. Lipi la tope?*

Hakuna hata moja. Mwamba uliyeyuka kidogo, feldispa, madini meupe, ikaenda na europiamu kwenye mkanda mweupe. Saga kilo kadhaa zenye mikanda yote pamoja.

*Mimi ni mchimbaji. Vanadiamu ikiwa nyingi, nichimbe hapo?*

Usitumie pesa yako kwa hilo pekee, ndugu yangu. Vanadiamu hutoa rangi tu. Jiwe lenyewe linahitaji kalsiamu, maji ya moto, na mikunjo yenye nafasi ya kukulia. Angalia mikunjo kwanza.