Ukikuta "match", tazama namba ndogo kwenye kamusi

Wanaojifunza Kiingereza wengi hudhani match ya mpira na match ya kuwashia moto ni neno moja lenye maana mbili. Sivyo. Ni maneno mawili yaliyoishia kuandikwa sawa.

La mpira limetoka Kiingereza cha kale, gemæcca, yaani mwenza. Ndiyo maana match ni pia ndoa, rangi zinazopatana, na mpinzani anayekuweza. La moto limepitia Kifaransa cha kale, likimaanisha utambi. Zamani lilikuwa hata kamba iliyowaka polepole ya kulipulia bunduki na mizinga! Baadaye likahamia kwenye vijiti. Vile vya kuwasha kwa kusugua, John Walker wa Stockton-on-Tees, Uingereza, alianza kuviuza mwaka 1827.

Basi ukifungua kamusi nzuri ya Kiingereza, angalia namba ndogo iliyo juu ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa. Maneno yenye namba hizo, kama match¹ na match², mara nyingi yana asili tofauti kabisa. Namba za ndani ya maelezo ya kidahizo kimoja ni maana za ukoo mmoja. Hizo zisome pamoja, maana ukishaelewa "mwenza" nyingine zinajifungua zenyewe.