Injini Inapochemka Ukiwasha Kiyoyozi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Katika miezi ya kaskazi, magari mengi yanayoletwa gereji hapa Malindi huwa na matatizo mawili kwa pamoja: kiyoyozi hakitoi baridi, na sindano ya joto hupanda gari linapokwenda polepole mjini. Mara nyingi mwenye gari huwa ameshaambiwa aongeze gesi ya kiyoyozi. Kabla ya kulipia gesi hiyo, fuata utaratibu huu, kwa kuwa kondensa ya kiyoyozi (sehemu inayotoa nje joto la gesi) hukaa mbele ya rejeta, na upepo unaozipoza zote mbili ni mmoja.

Hatua ya 1. Kagua kulanti, yaani maji ya kupozea injini, injini ikiwa imepoa kabisa. Kulanti iliyo chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua kifuniko hapo hapo itafoka na kukuunguza. Ikiwa imepungua, tafuta inakovujia. Unapojaza, ichanganye na maji ya betri (maji safi yasiyo na chumvi, si asidi). Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, nayo hula alumini ya rejeta.

Hatua ya 2. Chunguza joto hupanda wakati gani. Likipanda nyuma ya tuktuk sokoni, kisha likashuka ukishika mwendo kuelekea Gede, mshuku feni au kondensa iliyoziba. Likipanda ukiwa mbioni, huenda rejeta imeziba ndani, themostati (vali inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) haifunguki vizuri, au pampu ya maji imechoka.

Hatua ya 3. Washa injini na kiyoyozi, kisha utazame feni bila kuigusa, maana huweza kuanza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, huzunguka mara tu kiyoyozi kinapowashwa au muda mfupi baadaye. Isipozunguka, kagua fyuzi na relei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha uchomoe soketi yake: katika magari yanayolala karibu na bahari, mara nyingi mimi hukuta pini zimeota ukungu wa kijani. Ukiipa feni umeme wa betri moja kwa moja, kwa waya wenye fyuzi, nayo ikazunguka, basi mota ni nzima na kosa liko kwenye waya, relei au sensa. Ikiwa mota imewahi kubadilishwa, hakikisha inavuta hewa kuelekea kwenye injini, kwani nyaya zikigeuzwa hupuliza kinyume na upepo wa mwendo, na kosa hilo huwapita mafundi wengi.

Hatua ya 4. Safisha mapezi ya kondensa (vibati vyake vyembamba) kwa maji baridi yasiyo na chumvi na yenye nguvu ndogo, ukimwagia kutoka upande wa injini kwenda nje pale panapofikika. Mapezi yanayomeguka ukiyagusa yameshaliwa na chumvi. Kondensa hiyo haioshwi, hubadilishwa.

Hatua ya 5. Sasa ndipo ufunge geji za kupimia shinikizo la gesi, upande wa juu na upande wa chini. Kwa gesi ya R134a, injini ikiwa imezimwa na gari limepoa, pande zote mbili husoma karibu psi 95 hewa ikiwa nyuzi 30, lakini kipimo hicho hakionyeshi kiasi cha gesi. Washa kiyoyozi: shinikizo la juu likizidi mno, nyunyizia kondensa maji. Likishuka upesi na baridi ikarudi, kinachokosekana ni upepo, na gesi ya ziada itazidisha tatizo. Pande zote mbili zikisoma chini, tafuta kwanza inakovuja, kisha ujaze kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.