"Always" inakaa wapi, na "her" ni ya nani?

Ukiandika Kiingereza, usifuate mpangilio wa Kiswahili. Sisi husema "anasahau funguo zake kila mara", Waingereza hutanguliza kielezi kama "always" (kila mara) mbele ya kitenzi: "She always forgets her keys." Kitenzi kikiwa "is", "am" au "are", mambo yanageuka, kielezi kinakuja nyuma yake: "She is always late."

Linalowaponza wengi zaidi, na nimelisahihisha mara nyingi kwenye madaftari, ni "his" na "her". Kwetu "yake" au "zake" hufuata kitu kinachomilikiwa. Kwao hutazamwa mwenye kitu. Juma anampenda mkewe: "Juma loves his wife", siyo "her wife". Asha na mumewe: "her husband". Kabla hujaandika, jiulize mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke.