Nchi ndogo, mashindano makubwa: jinsi ya kuiandaa timu ya kofboli

Haya, nchi yenu ndogo, wachezaji wa kofboli (ule mchezo wa wanaume na wanawake pamoja, wa kutia mpira kwenye kikapu kilicho juu ya nguzo) mko wachache mpaka wote mnajuana, na sasa mmepata nafasi ya kwenda kucheza mashindano ya kimataifa. Cha kwanza kabisa futeni habari ya kumfunga Mholanzi. Mchezo wenyewe umezaliwa Amsterdam mwaka 1902, mwalimu mmoja Nico Broekhuysen ndo aliuanzisha, na tangu ubingwa wa dunia uanze 1978 Uholanzi wamebeba kila mara isipokuwa 1991 tu, Ubelgiji walipowapokonya. Kwa hiyo droo ikitoka kaeni chini, chagueni mechi mbili tatu za saizi yenu, mazoezi yote yaelekee huko.

Wachezaji mtawatoa wapi? Kwenye netiboli na basketi, hakuna siri. Ila angalieni, huko kikapu kiko mita 3.05 na kwenye kofboli ni mita 3.5, halafu hakina ubao nyuma kama wa basketi, yani ukirusha hakuna cha kukusaidia mpira urudi ndani. Mtu wa netiboli wiki za mwanzo mipira yake yote inaishia chini ya kikapu, muacheni, mikono itazoea. Wa basketi shida yake nyingine, anataka kudunda, na huku kudunda hamna, kukimbia na mpira hamna, ni pasi na kujipanga. Pia ulizieni kama kuna watu wenu wanaoishi Uholanzi au Ubelgiji na wanacheza ligi za huko. Suriname hawafiki hata watu milioni moja lakini Durban 2019 walikuwepo kwenye ubingwa wa dunia, na Uholanzi kuna jamii kubwa tu ya watu wenye asili ya kwao. Mambo ya pasipoti na kanuni za nani anaruhusiwa kuchezea nchi yashughulikieni mapema sana, sio wiki ya safari.

Sasa kupanga timu, na hapa ndo wengi wanaharibu. Mnakuwa nane uwanjani, wanaume wanne wanawake wanne, kila zoni, yani nusu ya uwanja, moja ya kushambulia na moja ya kukaba, wanaume wawili na wanawake wawili, na kila yakifungwa magoli mawili (ya timu yoyote, hesabu ni ya jumla) mnabadilishana kazi, waliokuwa wanashambulia wanakuwa wa kukaba. Kocha anaona bora awaweke washutaji wake wote wazuri kundi moja ili waanze kwa kishindo. Sawa, magoli mawili ya kwanza, kisha je? Wale wale wanaenda kukaba na kule mbele wamebaki watu ambao hawajui hata wasimame wapi. Gaweni nguvu sawa makundi yote mawili. Na kwa vile mwanaume hamkabi mwanamke wala mwanamke hamkabi mwanaume, ukiwa na upande mmoja dhaifu wapinzani watauona dakika ya tatu tu na mpira wote utapitia huko, huwezi kumtuma mtu wa jinsia nyingine akasaidie.

Kwenye kushambulia mimi ningetumia nusu ya mazoezi kwenye ribaundi, yani kuudaka mpira uliokosa kikapu, sitanii. Mna sekunde 25 za kushuti, lakini mpira ukigusa kikapu saa inaanza upya, kwa hiyo timu ndogo yenye mtu mmoja mkorofi pale chini ya nguzo, anayejua kumuweka mpinzani mgongoni na kuudaka mpira, inaweza kukaa na mpira hata dakika nzima, na huo muda wakubwa hawafungi. Mmoja ribaundi, mmoja karibu na nguzo wa kupokea na kurudisha pasi, wawili nje wa kushuti, anzeni na hiyo kabla hamjaenda kwenye mbwembwe nyingine.

Kukaba nako kuna ujanja wake. Mtu akikabwa sawasawa haruhusiwi kushuti kabisa, akishuti goli halihesabiwi. Kukabwa sawasawa maana yake mkabaji yuko karibu na nguzo kuliko yeye, anamtazama, yuko umbali wa mkono, na anajaribu kweli kuuzuia mpira. Vyote vinne kwa pamoja! Wageni wanasahau la mwisho, yuko pale pale, karibu kabisa, ila mkono umelala pajani, refa anaacha goli liingie halafu benchi zima linalalamika. Fanyeni zoezi la watu wawili wawili, mkabaji anasogea kwa hatua fupi mkono uko juu muda wote, mpaka iwe tabia.

Mechi za kirafiki tafuteni hata kama ni dhidi ya watu wa mji mwingine tu, na ombeni refa anayezijua sheria za IKF, shirikisho la kofboli la dunia, maana nyumbani refa anaachia mengi na kule hawaachii.

Mkifika huko na mkapangwa na mkubwa, wachezaji wenu muhimu wapumzisheni mapema kidogo, kipigo kipo tu hata wakibaki, ila msilegee ovyo kwa sababu tofauti ya magoli inaweza kuamua nani awe wa tatu kwenye kundi. Zile mechi za kugombea nafasi siku za mwisho watu wanazidharau wakati ndo zenu hasa, maana hapo mnakutana na saizi yenu, kwa hiyo mtu mwenye kifundo kinachouma apewe barafu na kupumzishwa sasa hivi, siku hiyo mtamhitaji.