Risasi ya kindi si risasi ya marmoti

Vijana wetu hapa Kentucky, Marekani, wakishapata leseni ya kuwinda, huja na swali moja: bunduki ipi ina nguvu? Mimi huwauliza kwanza, unakwenda kutafuta kitoweo au kulinda shamba?

Kindi ni kitoweo. Hafiki hata kilo moja, na nyama yake iko mapajani na mabegani. Kwake chukua .22 LR, bunduki ya risasi ndogo, inatosha kabisa. Risasi yake ya kawaida ina gramu 2.6 tu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga mmoja kwa .22 Magnum, ambayo ina nguvu zaidi, mita ishirini, juu ya mti wa hikori. Nilipomwokota, bega lote lilikuwa damu iliyovilia na chembe za mfupa kama chenga za mchele. Nusu ya mnyama niliitupa. Iliniuma sana, kwetu Kigoma ukiua cha kula, unakila.

Rekebisha shabaha ya .22 yako igonge barabara kwenye mita 45. Ukifyatua kwa mita 90, risasi itakuwa imeshuka kama sentimita 15, na kindi hana unene huo. Msogelee, au mwache.

Marmoti, mnyama wa jamii ya kindi anayeishi ardhini, ni habari nyingine. Mnene kushinda pimbi, anachimba mashimo ya kuvunja mguu wa ng'ombe, na soya changa anazifyeka mstari mzima. Hakungoji umkaribie. Hapo napenda .17 HMR, yenye risasi nyembamba zaidi, iliyotoka mwaka 2002: risasi ya gramu 1.1 inayotoka mtutuni kwa mita 775 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mita 90 bado imenyooka. Ila ni nyepesi. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza karibu sentimita 10 kwa umbali huo huo. Nikiona nyasi zimelala, sifyatui. Magnum nayo ina kazi yake hapa, maana nyama hatuitafuti.

.223, yenye nguvu kuliko zote hizo, waachie wanaowinda koyote, mbwa mwitu wadogo wa Amerika, kwenye mashamba mapana, mbali na nyumba za watu.

Lakini hata hiyo .22 ndogo, risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Kindi akiwa kileleni na nyuma yake ni anga tupu, kidole changu hakigusi kifyatulio. Nakaa chini, naegemea mti, nangoja ashuke mpaka shina nene liwe nyuma ya kichwa chake.