Mtoto ana nyuroblastoma na kapangiwa kemo na mionzi: jinsi ya kujipanga

Nianze na themomita, maana ndo kitu cha kununua kabla hata hujauliza kemo ni ya siku ngapi. Mtoto akishapata dripu ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, seli nyeupe za damu zinashuka, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, na hapo homa ya 38 sio ile ya kumkanda na kitambaa ukasubiri kukuche, unambeba mnaenda hospitali usiku huohuo. Usimpe paracetamol kwanza kabla hujaongea na daktari, itashusha joto mkifika aonekane mzima kumbe maambukizi yashaingia kwenye damu. Pima kwapani, kamwe sio njia ya haja kubwa, mkwaruzo mdogo tu pale unawafungulia bakteria mlango.

Sasa mpango wenyewe. Nyuroblastoma ni saratani inayotokana na seli changa za neva, mara nyingi inaanzia kwenye tezi ya adrenali juu ya figo, na wengi wanaoipata wako chini ya miaka 5. Sio wote wanapigwa mionzi, kuna wanaopona kwa upasuaji tu na kuna vichanga ambao uvimbe unasinyaa wenyewe huku madaktari wakiangalia. Kwa hiyo ukiambiwa kemo na mionzi, mara nyingi mtoto yuko kundi la hatari kubwa. Na watu wengi wanadhani vinafanyika siku moja, hapana. Inatangulia kemo mizunguko kama 5 au 6 ili uvimbe upungue, upasuaji, afu kemo kali sana na kurudishiwa seli shina zake mwenyewe zilizohifadhiwa, zile zinazotengeneza damu upya, ndipo mionzi inakuja kumalizia mabaki pale uvimbe ulipokuwa. Dozi ya kawaida ni kama grei 21 (grei ni kipimo cha mionzi), inagawanywa vipande vidogovidogo kwa wiki mbili na nusu mpaka tatu. Mwambie daktari akuchoree hiyo safari kwenye karatasi, hospitali zinatofautiana.

Mionzi haiumi, ni dakika chache. Kinachotesa ni njaa. Mtoto wa miaka 2 hawezi kutulia peke yake chumbani kwenye ile mashine, kwa hiyo wengi wanapewa nusu kaputi kila siku, na nusu kaputi maana yake hakuna kula kuanzia usiku. Omba mtoto awekwe wa kwanza asubuhi, omba bila aibu. Ficha kikombe chake, kile anachokijua, maana akikiona tu ataanza kunyoosha mkono na hutamaliza kumbembeleza mpaka mnaitwa, na wewe mwenyewe usinywe chai mbele yake jamani. Mkubwa kidogo mfundisheni mchezo wa sanamu nyumbani, anayetikisika kashindwa, wengine wanaweza kabisa bila kulazwa usingizi.

Zile alama za kalamu mwilini usizisugue, ndo zinaonyesha mashine ilenge wapi. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, mafuta yoyote uliza kwanza. Na akitoka pale hana mionzi mwilini, mbebe, mnyonyeshe, alale na wenzake. Masharti ya kukaa mbali ni ya tiba nyingine, ile ya MIBG yenye iodini ya mionzi, watu wanazichanganya sana.

Kwenye kemo: dawa ya kichefuchefu itangulie, usingoje atapike. Dawa ya kemo inayoitwa doksorubisini inafanya mkojo uwe mwekundu siku moja au mbili, usipige kelele wodi nzima kama mimi, sio damu, ila ukiendelea sema. Nyingine, vinkristini, inafunga choo, siku mbili bila choo sema mapema. Na sisplatini inaweza kuharibu masikio, dai apimwe usikivu kabla na katikati, mtoto mdogo hawezi kukwambia hasikii, wewe utaona tu kawa mkaidi haitiki.

Yote haya andika kwenye daftari moja, tarehe, joto, kala nini, jina la dawa na dozi, sehemu iliyopigwa mionzi. Hilo daftari usilitupe matibabu yakiisha, maana moyo, figo, uti wa mgongo na urefu wake vitafuatiliwa miaka mingi, na akifika 25 daktari mgeni atamuuliza alipewa doksorubisini kiasi gani.